Karatasi Kavu, Kazi Isiyokwama: Namna ya Kufunga Printa ya Kazi Nyingi na Kuweka Karatasi



Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya watumishi wa ofisi za kata na vijiji, walimu, wahudumu wa zahanati, makatibu wa vyama vya ushirika na kila mtu ambaye kazi yake humalizikia kwenye karatasi. Linahusu printa ya kazi nyingi, yaani mashine moja inayochapisha kutoka kwenye kompyuta, inayotoa nakala na inayoskani nyaraka. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kuifunga mashine hiyo mahali panapofaa, kuweka karatasi ipasavyo na kuiondoa karatasi iliyokwama bila kuharibu kitu.

Tuchukue mfano. Wanawake watano wa kikundi kimoja huko Matema wanaondoka alfajiri, wanapitia Ipinda na kufika Kyela mjini kufuatilia mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Wanahitaji nakala za katiba ya kikundi na za muhtasari wa kikao. Mtumishi anabonyeza kitufe, mashine inanguruma, inavuta karatasi tatu kwa mpigo, kisha inasimama. Inafunguliwa, inafungwa, inapigwapigwa kofi. Saa nane mchana wanaambiwa, "Mashine mbovu, mje kesho." Nauli imekwenda, siku ya shamba imepotea, na kesho yake watalipa tena. Huenda mashine ile haikuwa na ubovu wowote. Huenda iliwekewa karatasi iliyonyonya unyevu, katika trei ambayo haikubanwa sawasawa.

Hilo ndilo jambo kuu la somo hili: katika wilaya yetu, kabla ya kuilaumu mashine, ichunguze karatasi.

1. Kwa nini Kyela

Wilaya yetu imelala chini, kati ya Ziwa Nyasa na milima. Uso wa Ziwa uko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, hali Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta upande wa mashariki na Mlima Rungwe uko kaskazini. Hewa yenye maji itokayo ziwani hupanda milima hiyo, hupoa na kuwa mvua. Ndiyo maana Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, hasa kuanzia mwezi Machi hadi Mei. Neema hiyo ndiyo inayotupatia mpunga, kakao na michikichi.

Hata hivyo, neema ya shambani ni adha ya kabatini. Karatasi hutengenezwa kwa nyuzi za miti, na nyuzi hizo hunyonya maji yaliyomo hewani hata kama tone la mvua halijaigusa. Karatasi iliyonyonya unyevu hulegea, hujikunja kingo na kugandamana na mwenzake. Ikiingia kwenye printa ya leza, ambayo huyeyusha unga wa wino kwa joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, unyevu ule hutoka kwa ghafla. Karatasi hujikunyata na maandishi huweza kufifia au kubanduka.

Mkulima wa kakao hahitaji kufundishwa jambo hili upya. Anajua kwamba punje zisipokaushwa hadi unyevu ubaki karibu asilimia 7, zitaota ukungu ghalani. Anajua pia kwamba gunia halilazwi sakafuni, bali juu ya chaga. Karatasi nayo inastahili uangalizi wa namna hiyohiyo.

2. Mahali pa kuweka mashine

Chagua meza imara isiyoyumba na iliyo sawa. Mashine iliyoinama upande mmoja huvuta karatasi mshazari. Isiwekwe chini ya dirisha linaloingiza rasharasha, wala mahali pa jua la moja kwa moja, wala sakafuni. Katika kata zilizo kwenye mabonde ya Songwe, Kiwira na Mbaka, ambako maji hufurika baadhi ya misimu, meza ya juu ni kinga ya mali ya umma.

Acha nafasi ya shubiri moja hivi kati ya mashine na ukuta, ili hewa ya moto ipate pa kutokea na mlango wa nyuma uweze kufunguliwa karatasi inapokwama.

Kuhusu umeme, chomeka printa ya leza kwenye soketi ya ukutani. Usiichomeke kwenye betri ya dharura ya kompyuta, kwa kuwa inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na inaweza kuizidi nguvu betri hiyo. Umeme ukikatika, zima swichi ya mashine. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uwashe.

3. Kuifungua na kuiandaa

Mashine mpya huja imefungwa kwa utepe wa rangi, vipande vya plastiki na maboksi madogo yanayozuia sehemu za ndani zisicheze safarini. Toa vyote kabla ya kuwasha. Fungua kila mlango na kila trei uangalie. Kipande kimoja kilichosahaulika chatosha kuvunja jino la gia. Iwapo tona ina utepe wa kuvutwa, uvute polepole na moja kwa moja hadi utoke wote.

Washa mashine, chagua lugha, tarehe na saa. Kisha iunganishe na kompyuta kwa waya au kwa mtandao wa ofisi, na uweke programu yake. Kabla ya kazi yoyote ya wananchi, chapisha ukurasa mmoja wa majaribio.

4. Kuijua karatasi yenyewe

Karatasi ya kawaida ya ofisi zetu ni A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Vipimo hivi vilianza kutumika rasmi Ujerumani mwaka 1922, na baadaye vikawa vya kimataifa. Karatasi ya A0 ina eneo la mita mraba moja. Ukiikata katikati mara nne, unapata A4. Hivyo A4 kumi na sita hufanya mita mraba moja.

Kutokana na hilo twaweza kuelewa maandishi "gramu 80" yaliyopo kwenye rimu. Maana yake ni kwamba mita mraba moja ya karatasi hiyo ina uzito wa gramu 80. Kwa kuwa A4 ni sehemu moja ya kumi na sita, kila karatasi ina gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ina kilo mbili na nusu. Urefu wake ikilazwa ni kama sentimita tano. Ofisi inayonunua karatasi nyepesi kuliko hiyo ili kuokoa fedha mara nyingi huipoteza akiba hiyo kwa karatasi zinazokwama na kuchanika.

Karatasi inayoifunga rimu imetengenezwa ili kuzuia unyevu, kwa hiyo usiifungue rimu kabla ya kuihitaji. Ukiifungua, toa kiasi cha kutumia siku hiyo au mbili, kisha kunja vizuri kifungio na uiweke rimu ndani ya mfuko wa plastiki au ndoo yenye mfuniko. Hifadhi rimu zikiwa zimelala, juu ya rafu au chaga, mbali na ukuta unaovuja. Msimu wa masika usiache trei imejaa karatasi kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, zitoe uzihifadhi.

5. Kuweka karatasi, hatua kwa hatua

Kwanza, vuta trei taratibu. Kama mashine inachapisha, subiri imalize.

Pili, sogeza vibanio vya pembeni na cha nyuma hadi kwenye alama ya A4 iliyochorwa ndani ya trei.

Tatu, shika fungu la karatasi, likunje kidogo huku na huku, kisha zipepee kwa kidole gumba kama mtu anayepekua kurasa za kitabu. Hewa ikipita katikati, karatasi zilizogandamana huachana. Gongagonga kingo zake juu ya meza hadi zilingane.

Nne, chambua. Karatasi yenye kona iliyokunjwa, tundu la pini au iliyojikunja kingo isiingie. Usichanganye karatasi za uzito tofauti katika trei moja.

Tano, ziweke zikiwa zimelala sawa, chini ya mstari wa kikomo uliochorwa ubavuni mwa trei. Karatasi zikizidi mstari huo, mashine hushindwa kuvuta au huvuta nyingi kwa pamoja.

Sita, sogeza vibanio viguse karatasi bila kuzikandamiza. Vikilegea, karatasi huenda mshazari. Vikibana mno, karatasi hupinda katikati.

Saba, rudisha trei hadi usikie imeshika.

Kwa karatasi zenye nembo, fanya jaribio dogo. Chora alama ya X kwa penseli kwenye uso wa juu wa karatasi ya kawaida, iweke juu ya nyingine, na uchapishe ukurasa mmoja. Ukiona maandishi yapo upande wa X, mashine yako huchapisha uso wa juu. La sivyo, huchapisha uso wa chini. Andika jibu hilo kwenye kipande cha karatasi na ulibandike juu ya trei. Mtumishi atakayekuja baada yako atakushukuru.

6. Kuieleza mashine ulichoiwekea

Mashine haina macho ya binadamu. Baada ya kuweka karatasi, kioo chake kidogo huuliza ukubwa na aina. Jibu "A4" na "karatasi ya kawaida", kisha thibitisha.

Hapa ndipo kosa moja linapojificha. Programu nyingi za kompyuta huja zikiwa na kipimo cha Marekani kiitwacho Letter, chenye milimita 216 kwa 279. Ni kipana kuliko A4 kwa milimita 6 na kifupi kwa milimita 18. Kompyuta ikiomba Letter ilhali trei ina A4, mashine husimama na kudai karatasi, ingawa trei imejaa. Watumishi huvuta na kurudisha trei mara kumi bila mafanikio. Tiba yake iko kwenye kompyuta: fungua mpangilio wa ukurasa na mpangilio wa printa, chagua A4 kote kuwili, na uhifadhi.

7. Karatasi inapokwama

Haraka haraka haina baraka. Zima mashine. Kama ilikuwa ikichapisha, subiri ipoe, kwani sehemu ya kupasha joto huunguza mkono. Fungua milango yote, shika karatasi kwa mikono miwili na uivute polepole kuelekea upande ilikokuwa inakwenda. Usitumie kisu, mkasi wala bisibisi. Ikichanika, unganisha vipande juu ya meza uone kama imetimia. Kipande kidogo kilichobaki ndani kitakwamisha kila karatasi ijayo.

Kisha tafuta chanzo. Zikivutwa nyingi kwa pamoja, karatasi ina unyevu au haikupepewa. Ikitoka mshazari, vibanio vimelegea. Ikitoka imekunyata, badilisha kwa karatasi ya rimu mpya. Mashine ikidai hakuna karatasi ilhali ipo na ukubwa umelingana, rola za mpira zina vumbi. Zifute kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo kwa maji, uziache zikauke.

8. Amana ya mwananchi

Printa ya kazi nyingi hupitisha mikononi mwetu vyeti, hati na taarifa za wagonjwa. Baada ya kutoa nakala au kuskani, inua kifuniko na urudishe nyaraka halisi kwa mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa kilichosahaulika juu ya kioo kinaweza kumfanya mzazi arudi safari nyingine kutoka Ngonga au Ikolo. Karatasi zilizochapwa upande mmoja zinaweza kutumika tena kwa rasimu za ndani, lakini si zile zenye majina au taarifa za watu.

Maswali ya kujipima

1. Karatasi zilikaa kwenye trei tangu Ijumaa, na Jumatatu zinavutwa tatu tatu. Utafanya nini kabla ya kumwita fundi?
2. Rimu ya A4 ya gramu 70 itakuwa na uzito gani?
3. Trei imejaa, lakini mashine inasema hakuna karatasi ya Letter. Utarekebisha wapi?
4. Kwa nini vipande vya karatasi iliyochanika huunganishwa juu ya meza?

Majibu: (1) Toa karatasi zote, weka nyingine kutoka rimu iliyofungwa vizuri, zipepee, kisha jaribu. (2) Kilo 2.19 hivi, yaani 70 gawanya kwa 16, zidisha kwa 500. (3) Kwenye mpangilio wa kompyuta. (4) Kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki ndani.

Ndugu mtumishi, fundi huja kwa gharama na kwa siku zake, bali karatasi kavu na vibanio vilivyokaa sawa ni kazi ya dakika mbili kila asubuhi. Zitumie kabla mlango wa ofisi haujafunguliwa, ili aliyetoka mbali arudi nyumbani siku hiyohiyo akiwa na alichokifuata.