Ndani ya Punje ya Mahindi

Ndugu mkulima, loweka punje ya mahindi usiku kucha, kisha uipasue katikati kwa urefu. Utaona kiini, yaani mche mchanga, na wanga, akiba ya chakula chake.

Vyote viwili huanza pamoja. Chembe ya vumbi la mbelewele ikishika ndevu za muhindi, hupeleka mbegu mbili za kiume: moja huungana na yai, ikawa kiini, ya pili huanzisha akiba.

Jua likiukausha mmea kabla akiba haijajaa, punje husinyaa, na mche wake huwa dhaifu. Fukusi akila kiini, punje haioti kabisa.

Hapa Bulla Pesa mvua ni chache. Haitungoji tupande mara ya pili. Basi, chagua mbegu nono, nzima, isiyotobolewa.