SOMO LETU: GRAINDA INAYOENDESHWA NA HEWA



Wengi wenu mnachomelea mageti, mnatengeneza magari au mnachonga mawe. Huenda siku moja mtaletewa grainda isiyo na waya wa stima, ila mpira wa hewa tu. Je, ni mali ya kununua kwa pesa za kikundi? Kabla hatujatoa hata shilingi, tujifunze pamoja.

1. Inafanyaje kazi?

Kompresa huvuta hewa na kuishindilia ndani ya tangi. Hewa hiyo hupita kwenye mpira hadi ndani ya grainda. Humo mna silinda ndogo, na ndani yake kipande kinachozunguka chenye vibao vyembamba. Kipande hicho hakikuwekwa katikati kabisa: upande mmoja nafasi ni finyu, upande wa pili ni pana. Ukibonyeza kishikio, hewa huingia penye nafasi finyu, ikatanuka na kusukuma vibao kuelekea penye nafasi pana, kisha ikatoka nje. Ndivyo jiwe la kusagia linavyozunguka. Grainda nyembamba za kusafishia mashimo na kona huzunguka mara 20,000 au zaidi kwa dakika.

2. Inatumika wapi?

Utaiona kwenye gereji kubwa, viwanda vya kumimina chuma, mahali pa kuunda meli, na warsha za kung'arisha mawe kwa maji. Pale penye maji faida yake ni wazi: hakuna stima mkononi mwa fundi. Tena ni nyepesi, na ikikwama haiungui kama mota ya stima.

3. Tupige hesabu

Hapa ndipo vikundi huumia. Grainda inakula hewa nyingi bila kupumzika. Tuseme yahitaji futi za ujazo 12 kwa dakika, na kompresa yenu hutoa 6 tu. Fundi atafanya kazi kidogo, hewa iishe, asimame kungoja. Nusu ya siku imepotea! Kompresa ndogo ya kujazia magurudumu haitoshi. Kompresa kubwa nayo hula stima au dizeli. Kama kazi yenu ni mageti machache kwa wiki, grainda ya stima itawafaa zaidi.

4. Tulinde mali na maisha

- Someni mwendo ulioandikwa kwenye jiwe la kusagia. Ukiwa chini ya mwendo wa grainda, msilifunge. Litapasuka na vipande vitaruka kama risasi.
- Vaeni miwani na vizuia masikio. Msiondoe kinga ya jiwe.
- Vumbi la mawe huharibu mapafu pole pole, na mapafu yakishaharibika hayarudi. Tumieni maji na barakoa ya vumbi, kitambaa hakitoshi.
- Fungueni koki ya chini ya tangi kila siku, maji yatoke. Yakikaa, tangi huota kutu kwa ndani na laweza kupasuka.
- Tieni matone machache ya mafuta ya grainda za hewa kabla ya kazi.
- Msijipulizie hewa mwilini, hata kwa mzaha.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kazi yetu kwa wiki ni kiasi gani, nayo yaleta pesa ngapi?
2. Kompresa tunayofikiria yatoa hewa kiasi gani, na grainda yataka kiasi gani?
3. Nani atamwaga maji ya tangi kila jioni? Andikeni jina lake.