Si Kila Kilichopauka Ni Kichafu: Msamiati wa Madoa na wa Kufifia kwa Rangi

Utangulizi

Mwanafunzi anapotakiwa kumsawiri mhusika maskini katika insha, aghalabu huandika kwamba mhusika huyo "alivaa nguo chafu". Katika mazungumzo ya kila siku, shati lililopoteza rangi husemwa "limefeidi", na lenye alama ya wino nalo huitwa chafu. Matumizi haya yana kasoro mbili. Kwanza, yanauacha bila kazi msamiati mpana ambao Kiswahili kinao. Pili, na hili ndilo zito zaidi, yanamsingizia mtu asilolitenda. Mama anayefua sare moja ya mwanawe kila jioni ili ivaliwe asubuhi, huifanya sare hiyo ipauke kwa sababu ya kufuliwa kwake. Kuiita chafu ni kuugeuza ushahidi wa usafi kuwa shtaka la uchafu.

Makala haya yanauchambua msamiati huo katika makundi mawili: maneno yanayoonyesha kwamba kitu kimeongezewa kisichokuwa chake, na yale yanayoonyesha kwamba kitu kimepungukiwa na kilichokuwa chake.

Kilichoongezeka: doa na jamii yake

Kivumishi -chafu hutaja hali ambayo kwa kawaida huondoka kwa kufua, kuosha au kufagia. Doa ni jambo jingine. Hili ni alama ya rangi ngeni iliyoshika mahali pamoja, na kitu safi kabisa chaweza kuwa nalo. Utomvu wa mgomba ukidondokea shati jeupe, shati litafuliwa mara kumi na doa lisitoke. Kwa hiyo sentensi "Shati ni safi ila lina doa" haina ukinzani wowote.

Waa lina maana inayokaribiana mno na doa, na kamusi aghalabu huyafafanua maneno haya mawili kwa kulitaja moja katika maelezo ya jingine. Hata hivyo, mazoea ya wasemaji yameyatenga kiasi. Doa ndilo la jikoni na la dobi. Waa husikika zaidi katika ushairi na katika lugha ya dini na maadili, kama katika kauli "mtu asiye na waa".

Baka ni alama pana, hasa ya ngozi au manyoya: "ng'ombe mwenye mabaka meupe", "uso umetoka mabaka". Si lazima liwe kasoro. Huenda likawa umbile tu. Kipaku ni alama ndogo. Uradidi nao una kazi yake hapa: shati lenye madoa huenda lina mawili au matatu, ilhali lenye madoadoa limetapakaa alama kila upande.

Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, lipo pia neno kawa, yaani vidoa vyeusi vinavyojitokeza katika nguo iliyokunjwa na kuhifadhiwa kabla haijakauka. Lisichanganywe na kawa la ukili linalofunikia chakula. Aidha, kila kitu kina alama yake: chuma hushika kutu, mkate huota kuvu, na sufuria ya kuni hushika masizi.

Kilichopungua: kuchujuka na jamii yake

Kundi la pili hujengwa zaidi kwa vitenzi kuliko nomino, kwa kuwa upungufu huu huja polepole. Kitenzi cha kwanza ni chujuka, kinachohusiana na chuja. Mwanafunzi atofautishe chujika na chujuka: chai huchujika, yaani yaweza kuchujwa, leso huchujuka, yaani hupoteza rangi. Leso mpya nyekundu ikilowekwa pamoja na shati jeupe, leso huchuja, shati likaingia madoa. Rangi ni ile ile moja, lakini kwa leso ni upungufu na kwa shati ni nyongeza.

Pauka ni kuwa na rangi iliyokwajuka, isiyo na uhai. Husemwa kuhusu nguo iliyopigwa na jua na hata miguu isiyopakwa mafuta. Fifia huhusu kile kinachozidi kuwa hafifu: maandishi ubaoni, picha ya zamani, mwanga wa taa, na hata sauti. Fubaa ni kupoteza mng'aro, kama kidani cha fedha kilichokaa sandukuni. Kwajuka hutumika kwa rangi na pia kwa uzuri wa mtu uliopungua. Sawijika humhusu mtu zaidi: ni kubadilika sura au rangi kwa ugonjwa au huzuni. Chakaa hakihusu rangi pekee. Ni kuishiwa nguvu kwa kitu kutokana na kutumiwa. Nguo yaweza kuchujuka bila kuchakaa, na mkeka ukachakaa kabla rangi yake haijafifia. Kinyume cha haya yote ni kolea, kama ilivyo kwa hina iliyoshika vizuri mkononi.

Matumizi ya kitamathali

Tofauti ya nyongeza na upungufu haiishii kwenye nguo. Tukisema "Sifa ya chama imetiwa doa", msikilizaji huuliza mara moja: nani aliyeitia? Tukisema "Sifa ya chama imefifia", lawama yaweza kuangukia wakati tu. Mwandishi wa habari anayechagua kauli moja badala ya nyingine amekwisha kutoa hukumu, atake asitake. Vivyo hivyo, msanii "aliyechuja" hakukosa adabu. Umaarufu wake umepungua tu. Nao wataalamu wa afya, hasa nchini Tanzania, wamekitumia kitenzi fubaza kwa dawa zinazopunguza makali ya virusi vya UKIMWI bila kuviondoa kabisa mwilini.

Hitimisho

Kabla ya kuandika "chafu", mwanafunzi ajiulize: je, kitu hiki kimeingiwa na kigeni au kimepotewa na chake? Je, chaweza kutakata kikifuliwa? Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mbachao ni msala mkuukuu, uliochakaa kwa kutumiwa, hakuna aliyesema ni mchafu.

Zoezi

Jaza pengo kwa neno mwafaka, kisha utetee chaguo lako: doa, kawa, imechujuka, yamefifia, amesawijika.

1. Tangu afiwe, jirani yetu ______.
2. Maandishi ya barua hiyo ya zamani ______.
3. Kanzu ilikunjwa ikiwa na unyevu, sasa ina ______.
4. Leso hii ______ kwa kufuliwa kila siku.
5. Mchuzi umeacha ______ kwenye kitambaa cha meza.