SOMO: MKATABA WA KUUZA UMEME

Mkulima wa pamba asiporidhika na bei anaweza kurudi na gunia lake nyumbani. Mwenye mashine ya kufua umeme mtoni hawezi. Umeme ukifuliwa saa hii unatakiwa utumike saa hii hii, maana kuutunza ni ghali. Mnunuzi asipokuwepo, maji yanapita bure.

Tena anayetaka kuuza kwenye gridi ya Taifa hapa Tanzania ana mnunuzi mmoja, TANESCO. Basi kabla ya kujenga, watu wawili hawa huandikiana mkataba wa kuuziana umeme. Benki nayo huuangalia mkataba huo kabla ya kukopesha. Mto mzuri peke yake hautoshi.

Lakini mtu mdogo atabishanaje na shirika kubwa? Angemaliza fedha kwa mawakili kabla hajamwaga zege! Kwa sababu hiyo, mwaka 2009 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilitoa mkataba wa namna moja kwa wazalishaji wadogo, wa kilowati 100 hadi megawati 10. Bei nayo ilipangwa na EWURA.

Ilipangwaje? Walitazama gharama ambayo TANESCO ingeingia kama ingepata umeme huo kwa njia nyingine. Kwenye gridi bei ya 2009 ilikuwa shilingi 85.49 kwa uniti moja. Kwenye miji iliyokuwa nje ya gridi, ikitumia majenereta, ilikuwa shilingi 334.83. Siyo upendeleo. Dizeli ni ghali, na kila uniti ya mtoni iliokoa dizeli.

Haya, sasa tazama majira. Kuanzia Agosti hadi Novemba bei ya gridi iliongezwa, ikawa kama shilingi 102.59. Miezi mingine ilipunguzwa, ikawa 76.94. Wengi hufurahia ile kubwa. Tupige hesabu kwanza.

Mashine ya kilowati 100 ikifanya kazi kwa nguvu zote mchana na usiku, saa 24, hutoa uniti 2,400. Kwa bei ndogo ya masika hiyo ni shilingi 184,656 kwa siku. Kiangazi mto ukishuka, mashine ikatoa nusu, ni uniti 1,200. Kwa bei kubwa unapata shilingi 123,108. Umeona? Bei imepanda, fedha zimepungua.

Mwaka 2015 utaratibu ulibadilika. Bei ya umeme wa maji na wa mabaki ya mimea ikapangwa kwa ukubwa wa mtambo, mdogo akapata bei ya juu zaidi. Mtambo wa Mwenga kule Mufindi, wa megawati 4, ulianza mwaka 2012. Huuza TANESCO na pia hupeleka umeme vijijini jirani, kwa hiyo hautegemei mteja mmoja.

Ukiletewa mkataba, usikimbilie ukurasa wa bei. Tafuta panaposema nani anasoma mita, malipo yatolewe ndani ya siku ngapi, na nyaya za mnunuzi zikikatika hasara ni ya nani. Pasipoandikwa, uliza kabla ya kutia saini.

Swali la kujadiliana: Mashine yenu ni hiyo ya kilowati 100. Mwezi wa Oktoba mto umeshuka, inatoa robo tu. Kwa bei ya kiangazi mtapata shilingi ngapi kwa siku, na deni la benki mtalilipaje?