Punda wa Safari Ndefu: Hesabu Mapigo Kabla ya Magunia

Mazao yanatoka shambani, na barabara za kuingia Singida Mjini zimejaa mikokoteni: vitunguu, alizeti, mahindi. Swali ninaloulizwa sana ni, "Afisa, punda wawili wavute magunia mangapi?" Leo tuulize lingine: baada ya safari, punda wako anachukua muda gani kurudi katika hali yake?

Wanaoendesha mbio ndefu za farasi wanalijua hili. Huko farasi anaweza kwenda kilomita 160 kwa siku moja. Njia hugawanywa vipande, na kila kipande kikiisha daktari wa mifugo hupima moyo. Mapigo yakikataa kushuka, kawaida hadi 64 kwa dakika, farasi anatolewa hata kama ndiye aliyekuwa anaongoza.

Namba hiyo ni ya farasi. Punda wako mtafutie ya kwake:

1. Asubuhi kabla hajafungwa, gusa mshipa chini ya taya, au weka kiganja nyuma ya kiwiko cha kushoto. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Punda mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 36 na 52 hivi. Andika kwenye daftari.

2. Njiani, pumzisha kivulini, mfungue mkokoteni, mpe maji safi. Pima tena baada ya dakika 20. Kama mapigo bado yako juu sana kuliko ya asubuhi, punguza mzigo au lala hapo. Usiseme "tumalizie tu".

3. Bonyeza ufizi kwa kidole. Rangi isiporudi ndani ya sekunde 2, au punda akigoma kula, safari imeisha. Mwite mtaalamu wa mifugo.

4. Kagua kifua na mabega. Nira ya ng'ombe haimfai punda, inamchubua. Tumia mkanda mpana wa kifua, na usawazishe mzigo usimlemee shingoni.

Kwa nini ujisumbue hivyo? Kwa sababu punda hajui kulalamika. Ng'ombe akichoka utaona. Punda atavuta kimya kimya mpaka aanguke. Na kumpata mwingine si rahisi: jike hubeba mimba miezi kama 12, na mtoto asifungwe mzigo mpaka afikishe miaka 4 hivi. Yaani ukimuua huyu leo, wa kuzalisha mwenyewe utamsubiri miaka mitano. Punda wamepungua Afrika kiasi kwamba Februari 2024 Umoja wa Afrika ulisitisha uchinjaji wao kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Gunia moja ulilopunguza leo utalibeba kesho. Punda akishakufa, hata hayo mengine yanabaki shambani.

Kazi ya nyumbani: pima mapigo asubuhi tatu mfululizo, njoo na daftari lako tulisome pamoja.