Mkono Juu ya Mgonjwa: Reiki, Ruqya na Hospitali



Aliyekulia Kabonga, kule Nyanza-Lac mpakani na Tanzania, ameshaona mikono ya namna mbili juu ya mgonjwa: mkono wa bibi anayemkanda mjukuu kwa mafuta ya mawese, na mkono wa sheikh anayesoma Fatiha. Akifika chuoni, simu yake inamletea mkono wa tatu. Anaalikwa kwenye tiba ya "nishati" iitwayo Reiki, ambapo mtu humwekea mikono kichwani na kifuani, bila dawa wala kisomo. Je, mikono hii ni sawa?

1. Reiki ni nini?

Ilianzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922. Hawayo Takata akaipeleka Hawaii katika miaka ya 1930, na kutoka huko ikaenea Marekani na Ulaya. Watu wake husema kuna nguvu ya uhai inayopita katika mikono ya mtabibu na kumwingia mgonjwa. Uwezo huo, kwa mafundisho yao, mtu hufunguliwa na mwalimu wake kwa ibada maalumu, na katika daraja la pili hupewa alama za kutumia. Kwa hiyo Reiki si kukanda misuli tu. Ndani yake kuna itikadi kuhusu chanzo cha uponyaji, na hapo ndipo Muislamu anapaswa kusimama na kuuliza.

2. Je, nguvu hiyo imethibitika?

Mwaka 1998 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio la binti aitwaye Emily Rosa, aliyelianza akiwa na miaka 9. Liliwahusu watabibu 21 wa Therapeutic Touch, tiba inayofanana na Reiki, waliodai kuihisi nishati ya mwili kwa viganja. Kila mmoja alipitisha mikono yake chini ya kizuizi ili asione, kisha binti akaweka mkono wake karibu na mmoja wa mikono hiyo na kuuliza: ni upi? Katika mara 280, walipatia mara 123. Anayebahatisha tu angetarajiwa kupatia kama 140.

Lakini tuwe waadilifu. Wapo wanaotoka kwenye tiba hizi wakijisikia nafuu. Kulala kimya kwa saa nzima, huku mtu akikushughulikia kwa upole, kunatuliza mwili na moyo. Utulivu huo ni kitu cha kweli, ila hauthibitishi kwamba nguvu yoyote imepita mikononi.

3. Mkono katika Sunna

Uislamu haukatazi kumwekea mgonjwa mkono. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alipougua alikuwa akijisomea sura za kinga na kujipulizia, maumivu yalipozidi, yeye alimsomea na kumpangusa kwa mkono wa Mtume mwenyewe, akitaraji baraka yake. Wanachuoni, miongoni mwao Ibn Hajar, wameweka masharti matatu ya ruqya: iwe kwa maneno ya Mwenyezi Mungu au majina na sifa Zake, iwe kwa Kiarabu au lugha inayoeleweka maana yake, na msomaji aamini kuwa kisomo hakiponyi chenyewe bali kwa idhini ya Allah.

Ipime Reiki kwa masharti hayo. Nguvu isiyo na jina la Allah, alama ambazo Muislamu hajui asili yake, na mkono unaodaiwa kuwa na uwezo wenyewe: inakwama katika yote matatu. Kukanda kwa bibi hakuna tatizo hilo, kwa sababu hakuna anachodai zaidi ya kulegeza misuli.

4. Hata ruqya haiondoi hospitali

Mwezi Mei 2015, ndugu zetu wa Burundi waliokimbilia Kagunga, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Kabonga, walikumbwa na kipindupindu. Ugonjwa huu hukausha maji mwilini, na unaweza kuua kwa saa chache. Kinachookoa ni kurudisha maji na chumvi: ORS, na dripu kwa aliyezidiwa. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kutafuta dawa, aliamrisha tujitibu. Basi msomee mgonjwa wako huku mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Anayekwambia uache dawa za malaria, kisukari au kifafa kwa sababu ya mikono yake, mkimbie, hata kama amevaa kanzu.

5. La kufanya usiku wa leo

Uthman bin Abil-Aas (r.a.) alimlalamikia Mtume (s.a.w.) maumivu mwilini. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, aliambiwa aweke mkono wake mwenyewe panapouma, aseme Bismillah mara tatu, kisha mara saba ajikinge kwa Allah na uwezo Wake dhidi ya shari ya anachokihisi na anachokihofia. Hakuna ada, hakuna daraja wala mwalimu wa kukufungua. Mkono unao tayari.

Maswali ya halaqa

1. Nini kinatofautisha kukanda, ruqya na Reiki?
2. Rafiki yako ana homa kali na anataka kisomo tu. Utamwambia nini, na utamsindikiza wapi?

Wallahu a'alam.