Anza na Madeni, Mshahara Utafuata

Ukitaka kujua hesabu za nyumba yako, usianze kwa kumuuliza mumeo analipwa kiasi gani. Atajihami, mtanuniana, na yatakuwa yameishia hapo. Sisi tulianza na madeni. Baba watoto akataja marejesho ya SACCOS na mchezo wa kazini. Mimi nikataja kikoba, pamoja na kitenge nilichokopa kwa jirani. Kila mmoja akiwa na lake la kuonea haya, mazungumzo yanakwenda.

Najua hapo dada zangu wengine mmeshakunja uso. Cha mume chetu, changu changu, si ndivyo? Lakini hapa Dar es Salaam kuna baba anayejua habari za mkopo wa kausha damu siku wakopeshaji wanapokuja kubeba televisheni na friji. Ukitaka afungue zake, fungua zako.

Tunatumia daftari la kaunta, na tunaliandika jioni mshahara ukishaingia, watoto wamelala. Kodi, LUKU, maji, ada, nauli, marejesho, mama yake, mama yangu, akiba. Wazazi tumewaandika makusudi, mmoja chini ya mwenzake. Hela ya kutuma kijijini ndiyo iliyokuwa ikitugombanisha kuliko hata ada, kwa sababu ilikuwa inatoka kimyakimya kwenye simu, kila mtu akidhani kwao ndiko kunakopunjwa. Siku hizi tunabishana kiasi, basi.

Karatasi nazo zina faili lake: hati ya kiwanja, mikataba ya mikopo, namba za NSSF, cheti cha ndoa. Hicho cha mwisho usikidharau. Kwenye mirathi na mafao utadaiwa.

Sasa suala la saini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, na mke vilevile. Kwa hiyo ile fomu ya benki unayoletewa jikoni, mikono ina unga, "weka saini hapa mama fulani", ina uzito. Nawa mikono. Soma kiasi, riba, muda, na nyumba inayowekwa dhamana. Mimi yangu nililala nayo, na mkopo ulitoka tu.

Wala usiseme huna mshahara, kwa hiyo huna neno. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Na akigoma kabisa kuizungumzia nyumba? Tafuta namba ya hati, nenda ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi. Utalipia ada, na utaona jina la mmiliki na kama kuna rehani. Ukihisi inataka kuuzwa, sheria hiyohiyo inakupa haki ya kuweka zuio. Wahi kabla dalali hajaanza kuleta wateja sebuleni.